Upasuaji wa kutwa: kitanda kinapohama wodini kwenda nyumbani

Mama mdogo alipopangiwa kutolewa mtoto wa jicho, alifunga mzigo kama mwanafunzi anayekwenda bweni: khanga mbili, kandambili, ndoo ndogo yenye kifuniko, chupa ya chai, na mkeka wa mjukuu ambaye angelala chini pembeni ya kitanda chake. Tulifika saa moja kasoro robo asubuhi. Saa nne na nusu alikuwa ameshatoka chumba cha upasuaji, jicho limefunikwa, amekaa kwenye kiti cha plastiki anakunywa chai yake mwenyewe. Kando yake alikaa mzee mmoja aliyetoka Mafia, naye kafanyiwa jicho la kushoto. Muuguzi akapita, akawapa karatasi kila mmoja na vidonge vya maumivu, akasema wanaweza kwenda, warudi kesho saa mbili wafunguliwe bandeji.

Mama mdogo akaitazama ndoo yake, akamtazama muuguzi. "Operesheni gani hii isiyokuwa na kulala?"

Swali lake ndilo linaloumiza vichwa vya wakuu wa hospitali, mawaziri wa afya na kampuni za bima kwa nusu karne sasa. Kwetu shule ni za aina mbili, za kutwa na za bweni, na nadhani hakuna maneno yanayofaa zaidi kuieleza habari hii. Upasuaji mwingi uliokuwa wa bweni umekuwa wa kutwa: mgonjwa anaingia asubuhi, anachanwa, anashonwa, anarudi kwao jua halijazama. Na kwa kuwa halali, watu wakauliza: basi kwa nini tumpeleke hospitali kubwa yenye wodi kumi, jiko, mochwari na foleni ya dharura? Kwa nini tusijenge kituo kidogo chenye vyumba viwili vya upasuaji na viti vya kupumzikia, tukamaliza kazi hapo?

Jibu linaonekana jepesi. Kulipanga ndiko kugumu.

Mambo matatu yanayochanganywa

Ukisikia watu wakibishana juu ya "upasuaji wa wagonjwa wa nje", mara nyingi kila mmoja anasema kitu chake. Mmoja anazungumzia mahali: je, ni ndani ya hospitali au kwenye kituo kilichosimama peke yake mtaani? Mwingine anazungumzia muda: je, mgonjwa atalala au hatalala? Wa tatu, na huyu ndiye mwenye kalamu, anazungumzia daftari la malipo: bima itaandika nini?

Marekani ndiko fujo hili lilikofika mbali zaidi. Kule mgonjwa anaweza kulala hospitali usiku mzima, akaletewa chakula kitandani na kupimwa presha kila baada ya saa chache, na bado kwenye hesabu akawa "mgonjwa wa nje". Tangu Oktoba 2013, Medicare, yaani bima ya serikali inayohudumia hasa watu wa miaka 65 na kuendelea, imekuwa na kanuni ya usiku wa manane mara mbili: daktari akitarajia mgonjwa atavuka saa sita za usiku mbili hospitalini, kwa kawaida huyo anahesabiwa kuwa amelazwa; pungufu ya hapo, kwa sehemu kubwa ni wa nje. Kulala kwenyewe si hoja. Hoja ni saa ya ukutani imegonga mara ngapi, na daktari ameandika nini.

Kwa hiyo mtu akikwambia asilimia fulani ya upasuaji siku hizi ni wa nje, muulize kwanza: wa nje ya nini? Ya jengo, ya kitanda, au ya daftari?

Fikra hii ni kongwe

Mwaka 1909 daktari wa upasuaji James Nicoll wa Glasgow, Scotland, aliwaeleza wenzake kwamba amefanya karibu operesheni 9,000 za watoto bila kuwalaza. Walikuwa na midomo sungura, ngiri, miguu ya kupinda. Watoto wa mafukara wa Glasgow walirudishwa kwa mama zao siku ileile. Nicoll hakuwa anabana matumizi tu. Aliona kwamba mtoto mchanga aliyetenganishwa na ziwa la mama na kuwekwa wodini alikuwa hana faida kubwa ya kuwa pale. Ila hakuwaacha hivihivi. Wauguzi walikwenda kuwatazama majumbani. Kipengele hiki cha muuguzi anayebisha hodi ndicho kilichosahaulika kila mara wazo hili lilipofufuliwa.

Miaka kumi hivi baadaye, Ralph Waters alifungua kliniki ya usingizi mjini Sioux City, Iowa, ambako watu walifanyiwa upasuaji mdogo na kwenda zao. Halafu kimya cha miongo mingi. Hospitali zilikuwa zinajengwa, vitanda vilikuwa fahari, na kumweka mgonjwa wa ngiri kitandani wiki nzima lilikuwa jambo la kawaida.

Kilichofungua njia ni madaktari wawili wa usingizi, Wallace Reed na John Ford, waliofungua kituo chao mjini Phoenix, Arizona, mwaka 1970. Kilisimama peke yake, hakikuwa tawi la hospitali yoyote. Ona kwamba waanzilishi hawakuwa wapasuaji. Walikuwa wenye dawa za usingizi. Kwa mtu anayetaka kwenda nyumbani leo, kisu si kikwazo kikubwa kama usingizi. Dawa za nusu kaputi za zamani zilimwacha mtu akiyumba na kutapika hadi kesho yake. Miaka ya 1980 ikaja propofoli, ile dawa nyeupe kama maziwa, ambayo mtu anaamka nayo haraka na kichwa chepesi. Mpira wa kupitishia hewa uliobuniwa na Archie Brain wa Uingereza ukawaondolea wagonjwa wengi haja ya kuingiziwa bomba kooni. Upasuaji wa matundu ukaja kuondoa mfuko wa nyongo bila kulipasua tumbo kwa mkato wa shubiri nzima. Na mashine ya picha za mawimbi ya sauti ikamwezesha daktari wa usingizi kuuona mshipa wa fahamu na kuutia ganzi wenyewe tu, mguu ukafa ganzi huku mwenye mguu akipiga soga.

Medicare ikaanza kuvilipa vituo hivi mwaka 1982. Leo Marekani ina zaidi ya vituo 6,000 vinavyotambuliwa na bima hiyo.

Goti lilivyotoka hospitali

Tuchukue goti bandia, maana ndilo lililobadili mazungumzo. Mtoto wa jicho na ngiri zilihama zamani bila kelele. Goti ni kazi nyingine: mfupa unakatwa kwa msumeno, chuma na plastiki vinapachikwa, damu inatoka, na mgonjwa kwa kawaida ni mzee mwenye sukari au presha.

Medicare ilikuwa na orodha ya operesheni ambazo haiwezi kuzilipa ila mgonjwa amelazwa. Mwaka 2018 goti likatolewa kwenye orodha hiyo. Mwaka 2020 nyonga ikafuata, na mwaka huohuo goti likaruhusiwa kufanyiwa kwenye vituo vya nje kabisa ya hospitali; nyonga ikaruhusiwa 2021. Kulikuwa na mpango wa kuifuta orodha yote kwa awamu kuanzia 2021, ukasitishwa mwaka uliofuata, kisha ukarudi tena. Kama umewahi kuona barabara inachimbwa, inafukiwa, inachimbwa tena, basi umeelewa.

Hapa watu wengi walijikwaa. Kuliondoa goti kwenye orodha hakukuwa na maana kwamba kila mwenye goti aende nyumbani siku hiyo. Maana yake ilikuwa kwamba daktari sasa ana hiari. Lakini hospitali nyingi na baadhi ya kampuni za bima zilisoma hiari kama amri, wazee waliostahili kulazwa wakaandikwa wa nje, na mabishano ya karatasi yakachukua miaka. Mpango wowote unaoanza na kanuni ya malipo badala ya kuanza na mgonjwa una hatari hiyo.

Malipo yenyewe yana mvuto wake. Kwa kazi ileile, kituo cha nje hulipwa na Medicare kidogo zaidi ya nusu tu ya kile inacholipwa idara ya wagonjwa wa nje ya hospitali. Kwa mwenye bima, huo ni uokoaji mkubwa. Kwa daktari, kuna jambo jingine: sheria ya mwaka 2010 ilizuia, kwa sehemu kubwa, hospitali mpya zinazomilikiwa na madaktari kulipwa na Medicare, lakini hisa kwenye kituo cha upasuaji anaweza kuwa nazo. Analipwa kwa mkono unaopasua na kwa chumba anachopasulia. Simlaumu mtu kwa kupenda faida, ila mpangaji asiyeuliza nani mwenye hisa ni kama mnunuzi wa shamba asiyeuliza hati.

Kupanga kwenyewe

Sasa tuseme wewe ndiye umepewa kazi. Hospitali yako imefurika, na bodi imeamua kujenga kituo cha upasuaji wa kutwa mtaa wa pili. Unaanzia wapi?

Wengi huanzia kwa mchoraji wa majengo. Ni kosa. Inafaa kuanzia kwenye daftari la chumba cha upasuaji, lile kubwa lenye jalada gumu, au kompyuta kama ipo. Chukua mwaka mzima. Hesabu operesheni zote, kila moja kwa jina lake, dakika zake, na usiku ambao mgonjwa alilala. Hapo utagundua kwamba neno "ngiri" linaficha watu wawili: kijana wa miaka 25 mwenye ngiri ndogo ya kinena, na mzee aliyekaa na ngiri miaka 20 mpaka imeshuka kwenye korodani. Wa kwanza ni wa kutwa. Wa pili, pole, ni wa bweni.

Kisha fanya hesabu ya chumba. Tuchukue mfano wa kubuni. Chumba kinafanya kazi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, dakika 480. Mtoto wa jicho akichukua dakika 20 na usafi dakika 10, wanaingia watu 16. Goti likichukua dakika 90 na usafi na maandalizi dakika 30, wanaingia wanne. Kwenye karatasi, mambo safi. Lakini mwenye goti anahitaji, tuseme, saa nne za kupumzika, kusimama, kutembea na mfanya mazoezi ya viungo, na kupanda ngazi mbili tatu kabla ya kuruhusiwa. Wa kwanza aliyetoka saa mbili na nusu asubuhi ataondoka saa sita na nusu mchana. Wa nne, aliyetoka saa nane na nusu, ataondoka saa kumi na mbili na nusu jioni. Muuguzi wako alikuwa aondoke saa kumi. Nani atabaki? Wanne wako wamekuwa wawili, au umeajiri zamu ya jioni ambayo haikuwa kwenye bajeti.

Ndiyo maana waliozoea kazi hii hupanga magoti asubuhi na macho mchana. Ratiba ya siku, wala si idadi ya vyumba, ndiyo inayosema kituo kitahudumia wangapi. Na nyuma ya ratiba kuna vifaa. Goti moja linahitaji trei kadhaa za vyuma. Kama una seti mbili, na mashine ya kutakasa inachukua saa tatu na ushei kuosha, kuchemsha na kupoza, mgonjwa wa tatu atasubiri vyuma. Nimesikia wapangaji wakizungumzia taa za kisasa za chumba cha upasuaji kwa nusu saa bila kumtaja yule anayeosha mikasi. Yeye akichelewa, daktari bingwa anakaa anakunywa kahawa.

Kumchagua mgonjwa

Madaktari wa usingizi wana madaraja yao ya kumpima mtu kabla ya upasuaji. La kwanza ni mzima asiye na ugonjwa wowote. La pili ana presha au sukari iliyodhibitiwa. La tatu ana ugonjwa mzito unaomsumbua. La nne uhai wake uko mashakani muda wote. Kituo cha kutwa huchukua wa kwanza na wa pili, na wa tatu kwa kumchunguza vizuri. Wanaangalia uzito, maana mtu mnene sana ni kazi kumpitishia hewa. Wanauliza kama anakoroma na kukatika pumzi usingizini. Wanatazama sukari ilivyokuwa kwa miezi mitatu iliyopita.

Baada ya upasuaji kuna mizani nyingine. Mwaka 1970, mwaka uleule wa Phoenix, daktari Aldrete alichapisha alama za kupima kama mtu ameamka sawasawa. Baadaye Frances Chung wa Toronto na wenzake wakatengeneza alama za kumruhusu mtu kwenda nyumbani: presha na mapigo, kutembea, kichefuchefu, maumivu, na damu. Kila kimoja kina alama mbili, na ukifikisha 9 kati ya 10 unaruhusiwa. Uzuri wa mizani hii ni kwamba muuguzi hana haja ya kumngoja daktari aliyeko chumba cha ndani. Anahesabu, anaandika, anamruhusu.

Ila alama zote tano zinapimwa kwenye kiti cha kituo, mchana, taa zinawaka na muuguzi yuko hatua tatu kutoka hapo. Hakuna alama ya saa nane usiku. Na saa nane usiku ndipo ganzi ya mguu inapoisha. Mtu amekwenda kulala hasikii kitu, akaamini amepona, hakumeza vidonge alivyoambiwa ameze kabla, anaamka maumivu yamekuja yote kwa pamoja. Au ni mwanamume aliyefanyiwa ngiri kwa sindano ya mgongoni: kibofu kimejaa, mkojo hautoki, na aibu inamzuia kumwambia mkwewe. Wodini mambo haya mawili yanamalizwa na muuguzi wa zamu kwa dakika kumi. Nyumbani yanakuwa safari ya usiku.

Kitanda, basi, hakikufutwa. Kimehamishiwa nyumbani kwa mgonjwa, na pamoja nacho muuguzi wa zamu, ambaye sasa ni binti yake, mkewe au jirani. Mshahara wa huyo hauonekani kwenye hesabu za kituo wala za bima. Ukisoma ripoti inayosema upasuaji wa nje umeokoa kiasi fulani cha fedha, sehemu ya fedha hizo imetoka mfukoni mwa mtu aliyekosa kazini siku mbili.

Mpango mzuri unakubali hilo waziwazi na kulilipia kidogo. Kunawekwa simu inayopokelewa usiku na mtu anayejua, si mashine. Dawa anakwenda nazo mkononi, haambiwi "kanunue". Muuguzi anapiga simu kesho yake asubuhi. Kunakuwa na makubaliano ya maandishi na hospitali ya karibu kwamba mgonjwa wetu akiharibikiwa mnampokea bila maswali, na gari linalojulikana ni lipi. Kisha wanahesabu kila mwezi: wangapi waliletwa kufanyiwa upasuaji wa kutwa wakaishia kulazwa? Tarakimu hiyo ikipanda, kuna anayechagua wagonjwa vibaya. Ikiwa sifuri miezi yote, mimi ningeshuku daftari.

Na hata kazi ndogo ina meno. Mwaka 2014 mchekeshaji Joan Rivers aliingia kituo cha nje mjini New York kuchunguzwa koo kwa kamera. Akakatika pumzi pale, akakimbizwa hospitali, akafa siku chache baadaye. Wakaguzi wa serikali walipokwenda walikuta kasoro kadhaa, ikiwamo kuchelewa kutambua kwamba hali yake inaharibika. Alikuwa na fedha, jina na jiji lenye hospitali kila kona.

Hospitali inabaki na nini?

Wapangaji wa vituo hawapendi kukaa hapa. Hospitali hujiendesha kwa kuchanganya. Kazi nyepesi zinazojulikana muda na gharama yake, kama macho, magoti na ngiri, ndizo zinazolipia zile ngumu: ajali ya saa tisa usiku, mama anayevuja damu, utumbo uliopasuka. Ukizitoa nyepesi zote ukazipeleka mtaa wa pili, umeiachia hospitali mifupa baada ya kuchukua mnofu. Marekani sheria ya 1986 inazilazimisha hospitali zenye idara ya dharura kumpokea na kumtuliza yeyote anayefika hali yake ikiwa mbaya, awe na fedha au hana. Kituo cha kutwa hakina idara ya dharura. Kinafunga jioni.

Hospitali ndogo za vijijini ndizo zinazoumia, maana hazina mnofu mwingi wa kupoteza. Majimbo mengi ya Marekani bado yanataka anayejenga kituo kipya athibitishe kwanza kwamba kinahitajika. Wanaopinga wanasema hiyo ni kuzilinda hospitali kubwa dhidi ya washindani, na katika baadhi ya maeneo wana hoja.

Uingereza walipita njia tofauti kidogo. Mpango wa afya wa mwaka 2000 uliweka lengo la asilimia 75 ya upasuaji wa kupangwa kuwa wa kutwa, na huduma ya taifa ikaanza kujenga vituo vya kazi hizo tu, mara nyingi ndani ya mfumo uleule wa hospitali za umma. Faida waliyoitafuta haikuwa bei tu. Hospitali ikiwa moja, dharura humsukuma wa kupangwa: kila majira ya baridi wodi zinajaa wazee wenye nimonia, na mtu aliyengoja nyonga mwaka mzima anarudishwa nyumbani akiwa tayari amevaa gauni. Ukitenganisha milango, wa kupangwa hasukumwi. Baada ya UVIKO kuacha foleni ndefu, wakaongeza vituo vya namna hiyo. Na kwa kuwa mfuko ni mmoja, mnofu na mifupa viko kwenye sufuria moja.

Huku kwetu

Ni rahisi kudhani haya ni ya nchi za wenye nacho. Lakini Afrika Mashariki imefanya mojawapo ya kazi kubwa kabisa za upasuaji wa kutwa duniani, na hatujaiita hivyo: tohara ya wanaume. Baada ya majaribio ya Kisumu nchini Kenya, Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini kuonyesha kwamba tohara inapunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2007. Nyanza, Iringa na Njombe, wanaume wakapanga foleni kwenye zahanati, madarasa na mahema. Ganzi ya sindano, dakika chache, mshono, karatasi ya maelekezo, kurudi baada ya siku mbili kukaguliwa. Waliofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa walikuwa matabibu na wauguzi waliofunzwa, si madaktari bingwa.

Mabusha ni hivyohivyo. Pwani yetu, kutoka Tanga hadi Lindi na Mtwara, ina wazee waliobeba mabusha miaka mingi kwa sababu ya minyoo ya matende. Operesheni yake ni fupi, na kambi za upasuaji huweza kuhudumia watu wengi kwa siku chache. Lakini kidonda cha busha kinataka maji safi, nguo kavu na siku kadhaa bila kupanda bodaboda wala kubeba gunia. Ukimrudisha mzee kwenye nyumba isiyo na maji, hujamaliza kazi.

Kuna jambo lingine tusilichanganye na hili. Tanzania imekuwa ikijenga vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya vingi ili mama mwenye uchungu uliokwama asisafirishwe usiku kucha. Hilo ni kuusogeza upasuaji karibu, lakini si upasuaji wa kutwa. Mama wa kisu analala. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2015 ilitaja kazi tatu za kupimia hospitali ya wilaya: kisu cha uzazi, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kuwa ya kutwa. Tume hiyohiyo ilihesabu kwamba watu bilioni 5 duniani hawana upasuaji salama wanaoumudu. Kwa nchi zenye uhaba wa namna hiyo, kituo cha kutwa kina thamani kikiachia kitanda kwa ajili ya hao watatu. Kikimchukua daktari wa usingizi pekee wa mkoa kutoka hospitali ya rufaa, kimepora.

Na bima nazo zina la kujibu. Nyingi za binafsi zina mifuko miwili, wa kulazwa na wa kutolazwa, na mfuko wa kutolazwa ni mdogo, wa malaria na vipimo vya damu. Upasuaji wa kutwa unadondokea katikati. Mahali ambapo bima inalipa ukilala tu, daktari mwenye huruma atakulaza usiku mmoja bila sababu ya kitabibu ili ulipiwe. Kitanda kitajazwa na mtu mzima anayetazama simu.

Lakini mimi ningeanza na kitu kidogo kuliko bima: ile karatasi.

Siku ile, wakati tunasubiri bajaji, yule mzee wa Mafia alimpa mama mdogo karatasi yake amsomee, maana jicho lililobaki nalo lilikuwa na ukungu. Ilikuwa imejazwa vizuri. Jina, umri, jicho la kushoto. Una simu? Ndiyo. Una ndugu wa kukusindikiza? Ndiyo, kijana wake yupo. Usiiname, usinyanyue kitu kizito, usitie maji. Rudi kesho saa mbili kamili.

Kufika kwao ni kwenda kwanza Nyamisati, kisha kupanda boti hadi Kilindoni. Hakuna aliyeweza kwenda na kurudi kabla ya saa mbili ya kesho. Kijana alikuwa anapiga simu huku na huku kuuliza gesti ya bei nafuu, mama mdogo akigeuza karatasi upande wa pili kuona kama kuna mahali wameuliza mzee atalala wapi. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Akamwambia kijana aweke mzigo kwenye bajaji yetu, mkeka upo.